Bastola ya haiking kwa mtu ambaye sikio moja limeshaharibika, naombeni ushauri

Mpanda_Vilima

Wakuu habari za muda huu. Nina jambo linanisumbua wiki nzima, naombeni mnisaidie wenye uzoefu.

Naishi huku Marekani na mapumziko yangu yote ni kupanda milima, natembea na mke wangu na mbwa wetu, siku mbili hadi nne porini, sehemu zenye dubu weusi na safari nyingine tunaingia kabisa kwenye eneo la dubu wa kahawia. Tangu 2010 sheria ya huku inaruhusu kubeba silaha ndani ya hifadhi za taifa ilimradi uko sawa na sheria za jimbo husika, na mimi niko sawa, kwa hiyo hapo hamna shida. Shida ni sikio.

Miaka mitatu iliyopita nilipiga risasi moja, moja tu, sikio la kushoto likiwa halijazibwa vizuri. Ilikuwa rivolva fupi (bastola ya silinda inayozunguka) ya .357 Magnum, mtutu wa inchi 2, tuko chini ya paa la bati kwenye uwanja wa shabaha. Plagi ya sikio nilihisi imelegea lakini nilikuwa nimeshalenga, nikaona nimalize kwanza ndio niirekebishe. Nikafyatua. Mlio wenyewe wala siukumbuki, nakumbuka kitu kama kofi la sikioni, kikafuata kimya kizito, halafu ukaanza mluzi mwembamba kama ule wa televisheni za zamani. Mluzi huo upo mpaka sasa hivi naandika. Nikilalia sikio la kulia mke wangu akinisemesha nasikia sauti ila maneno yenye "s" na "f" yananipita yote. Daktari alinionesha mchoro wa kipimo, mstari unaenda vizuri tu halafu pale kwenye hezi 4000, sauti nyembamba za juu, unadumbukia kama shimo.

Sasa porini huwezi kutembea umeziba masikio, unataka usikie tawi likivunjika, usikie maji, usikie mwenzako. Maana yake siku nikilazimika kufyatua nitafyatua masikio yakiwa wazi. Ninayo hiyo hiyo .357 fupi, na nafikiria kubadilisha nichukue 10mm, au .44 Magnum ya inchi 4, au nibaki na 9mm tu (hizo namba ni ukubwa wa risasi). Ipi itanilinda bila kunimalizia kilichobaki?

Njia_Nyembamba

Pole sana mkuu, huo mluzi naujua maana baba yangu mdogo anao, anasema usiku ndio mbaya zaidi.

Hiyo rivolva fupi iache nyumbani. Kuna sababu ya kitaalamu hapo. Baruti ya magnum ni nyingi na mtutu wa inchi 2 haitoshi kuungua ndani, sehemu kubwa inakuja kuungulia nje, ndio ule mwali mkubwa unaouona, na mdomo wa mtutu wenyewe uko karibu zaidi na uso wako. Halafu rivolva yoyote ina ule mwanya mdogo kati ya silinda na mtutu, gesi inachomoka pale kwa pembeni, kwa hiyo aliyesimama ubavuni kwako anapata kipigo kibaya kuliko hata wewe. Na ubavuni kwako umesema kuna mke.

Bastola karibu zote zinapiga kati ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 150 na 170, wakati mpaka wa hatari kwa mlio wa ghafla kwa mtu mzima unahesabiwa 140. Sasa mtu akiona 150 na 165 anadhani ni tofauti ndogo, lakini desibeli haziendi hivyo, kila 10 ikiongezeka nishati inakuwa mara kumi. Kutoka 140 kwenda 160 umezidisha mara mia. Kwa hiyo hakuna bastola salama kwa sikio wazi, hilo tukubaliane, ila ipo inayoumiza na ipo inayoumiza zaidi.

Mama_Turubai

Kaka pole. Samahani naingia kidogo nje ya swali lako ila naona ndipo jibu lilipo. Mbona hujataja spreyi ya dubu?

Mimi natembea nayo mkandani, mbele, sio ndani ya begi. Ile haina mlio. Inatoa wingu la pilipili linafika mita 7 hadi 9, unalipuliza chini kidogo ya kichwa cha dubu ili aingie humo mwenyewe. Kuna utafiti wa Alaska wa 2008, ulipitia matukio halisi ya watu waliotumia hiyo spreyi, kwa dubu wa kahawia ilimsimamisha mara 92 kwa mia, dubu mweusi mara 90, na waliokuwa wameishika karibu wote walitoka bila kidonda chochote. Kwa mtu mwenye sikio kama lako kaka yangu hiyo ndiyo silaha ya kwanza, bastola iwe ya pili. Angalia tu upepo, ukiwa unakuja usoni utajipulizia mwenyewe, na usiifyatue ndani ya hema.

Kilele

Mkuu usisikilize maneno mengi, chukua .44 Magnum, uhai kwanza masikio baadaye. Dubu akikujia hutasikia hata mlio, taharuki inaziba masikio yenyewe, waulize wawindaji.

Fundi_Mtutu

@Kilele ndugu yangu nakuheshimu lakini hapo unampoteza mwenzako. Ni kweli mtu akiwa kwenye taharuki ubongo unaacha kusikiliza, wawindaji wengi wanasimulia kwamba bunduki ilisikika kama kibiriti. Lakini ni ubongo ndio haukusikiliza, sikio limepokea mgandamizo wote kama kawaida. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena, na vyenyewe havijui kama ulikuwa na hofu au hukuwa nayo.

Sasa kwa mleta mada, mimi nashughulika na silaha miaka mingi, nakwambia ninavyoona. Mtutu mrefu unaoweza kuubeba, inchi 4.5 mpaka 5. Bastola ya magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini), sio rivolva, maana haina ule mwanya wa pembeni. Usinunue yoyote iliyotobolewa matundu juu ya mtutu au yenye breki ya mdomoni, zile zinapunguza teke ila gesi zinairudisha juu na pembeni, yaani usoni kwako. Na uangalie mwendo wa risasi, sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, risasi ikizidi hapo inaongeza mpasuko wake hewani juu ya ule mlipuko wa mdomo wa mtutu. .45 ACP ya kawaida ya greni 230 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) inakwenda kama mita 255, iko chini kabisa. 9mm ya greni 147 nayo nyingi ziko chini. 10mm ya greni 200 ya porini inavuka, na .44 Magnum inavuka mbali.

Sikio kwa sikio basi .45 ya mtutu wa inchi 5 ndio ningekupa kwa sehemu za dubu weusi, na risasi ngumu za kichwa bapa zinazopenya, usiweke zile za presha kubwa. Kwa dubu wa kahawia sitakudanganya, hapo nataka 10mm, ila ndefu na isiyotobolewa. Sailensa, kile kifaa cha mdomoni cha kupunguza mlio, inakata desibeli 20 hadi 35 na ni msaada wa kweli, lakini huku lazima isajiliwe kwa sheria ya tangu 1934, majimbo mengine hawairuhusu kabisa, na inaifanya bastola iwe ndefu, kuichomoa kwa haraka ni kazi. Kwenye rivolva ndio usijaribu, sauti inatokea kwenye ule mwanya.

Dada_Masikio

Nafanya kazi kliniki ya masikio, kwa hiyo niongezee upande wangu.

Kaka, risasi moja ya porini huenda usiipige maisha yako yote. Mazoezi ndiyo yatakumaliza. Watu wananunua bastola ya haiking halafu wanaenda kupiga risasi mia mbili mwezi mmoja na plagi zimening'inia nusu. Plagi ya sponji uisokote nyembamba kabisa kama kijiti cha kiberiti, mkono wa pili upite juu ya kichwa uvute sikio kwa juu na nyuma ili njia inyooke, ingiza, kisha ishikilie kwa kidole nusu dakika mpaka itanuke. Ukiiona kwenye kioo imetokeza sana, haijaingia. Juu yake vaa na zile za kufunika sikio zima. Usijumlishe namba za pakiti mbili, ya pili inakuongezea kama desibeli 5 hivi, lakini kwa sikio lililokwisha kuumia hizo 5 ni nyingi mno. Na ukiwa chini ya paa mwache jirani mwenye magnum, sogea mbali naye.

Porini kuna plagi zenye kitundu cha kichujio, sauti ndogo zinapita na mlio wa ghafla unabanwa, sio kwa kiwango cha sponji lakini ni tofauti na sikio wazi. Za elektroniki nazo zipo, zinakuza sauti ndogo na kukata kubwa. Jaribu kuvaa ya kushoto tu kwa kuanzia uone kama unaizoea ukitembea.

Mkeo na mbwa mkubaliane wakae nyuma yako, sio ubavuni. Na ikitokea umefyatua, siku hiyo hiyo au kesho yake nenda kwa daktari wa masikio usisubiri ipoe yenyewe, kuna dawa zinazosaidia lakini zinataka kuwahiwa.

Mpanda_Vilima

Nimesoma zote mara mbili na mke wangu tumekaa tukazisoma pamoja. Hilo la ubavuni limenishtua sana kwa kweli, mimi nilikuwa nafikiria sikio langu tu, kumbe kila tukipita njia nyembamba yeye anakaa kushoto kwangu sawasawa na silinda ya ile rivolva.

Kwa hiyo .357 inabaki kabatini. Spreyi mbili, mmoja mmoja mkandani, jana tumenunua na ile ya mazoezi isiyo na pilipili tumejaribu nje, mara ya kwanza nilichelewa kutoa kile kipande cha usalama, mke wangu yeye alikuwa ameshapuliza. .45 ya inchi 5 nitaikodi kwanza pale uwanjani niione mkononi, na plagi za kichujio nimeshaagiza. @Fundi_Mtutu nina swali moja, nikiwa na begi la mgongoni mkanda wa kiuno unaziba bastola ya nyongani, na mtutu ni mrefu, nivaeje?

Fundi_Mtutu

Kifuani mkuu. Mfuko wa kifuani wa mikanda, unakaa mbele hauzibwi na mkanda wa begi, mkono unaufikia hata ukiwa umekaa. Ila hakikisha mdomo wa mtutu hauelekei mkono wako wa kushoto unapochomoa, fanya mazoezi bila risasi kwanza, mara nyingi, taratibu.