Naomba ushauri: nasindikiza kwa piano na kutunga, nitoze vipi?

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Kazi yangu ni kusindikiza waimbaji kwa piano: kwaya za kanisa, wanafunzi wa mitihani ya ABRSM (bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki), na shule msimu wa tamasha za muziki. Msimu ukiisha, simu hunyamaza. Mazoezi hayalipwi, eti wanalipia siku yenyewe tu. Na ni kwenye mazoezi ndipo soprano anapotaka wimbo ushushwe kutoka ufunguo wa G hadi F papo hapo, nami nimepewa karatasi ya solfa (noti za do-re-mi) isiyo na sehemu ya piano hata kidogo. Hiyo sehemu naitunga mimi, bure.

Sasa kwaya moja imeniagiza wimbo mpya wa sauti nne na piano. Tumeongea kwa simu tu. Nimesoma Sheria ya Hakimiliki ya 2001: kazi ya kuagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kumbe!

Wenye uzoefu, mkataba wa hivi mnauandikaje bila kuwaudhi wazee wa kanisa? Na mazoezi mnatoza kwa saa au kwa msimu? Msiniambie niache kusindikiza nitunge tu. Kodi ya nyumba hainisubiri.