HSA: mama akiwa Meksiko analipiwa, akiwa Tanga halipiwi. Huu ni uonevu!

Wadau mlioko Marekani, hii HSA, akaunti ya kuweka akiba ya matibabu, imenifikisha hapa kooni na leo sinyamazi.

Kazini HR walitupamba kwa maneno: chukueni bima ya afya ambayo maelfu ya kwanza ya dola za matibabu unajilipia mwenyewe, wekeni hela HSA, haikatwi kodi, mtatibu familia. Familia! Mama yangu yuko Tanga, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Namtunza mimi, kuanzia kodi ya nyumba mpaka mkaa. Nikawauliza wanaosimamia akaunti kabla sijagusa hata senti. Jibu: hastahili.

Sheria inataka mtegemezi awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Basi. Mwenzangu wa zamu anamtunza mama yake aliyeko Guadalajara, huyo anaruhusiwa kumlipia. Mimi hapana. Na sikieni hili: mimi mwenyewe nikienda likizo Tanga nikaumwa, nikatibiwa hospitali ileile atakayopasuliwa mama, HSA inakubali! Kwa hiyo shida si hospitali wala ugonjwa. Shida ni mama yangu anaishi wapi.

Ukitoa kwa nguvu, na hujafika miaka 65, unalipa kodi ya mapato pamoja na faini ya asilimia 20. Mpaka 2010 faini ilikuwa asilimia 10, wakaipandisha mara mbili kuanzia 2011. Aliye kwenye kundi la kodi la asilimia 12 akitoa dola 1,000 za kumtibu mzazi, 320 zinakwenda serikalini. Jasho letu hilo jamani!

Msiba nao haumo, hata kusafirisha mwili. Ukimleta mama kutembea, bima ya wageni haimo pia. Na kadi ya HSA yenyewe inaweza isikatae, unaichanja inapita kimya kimya, halafu IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wakikukagua ndio unaambiwa ulete risiti na maelezo.

Nataka waajiri waandike kwa herufi kubwa kwenye fomu ya kujiunga: MZAZI ANAYEISHI AFRIKA, ASIYE RAIA WA MAREKANI, HAHESABIKI. Mtu ajue kabla hajasaini makato. Na hiyo orodha ya nchi ibadilishwe. Mbunge wa jimbo langu namwandikia wiki hii, nani yuko tayari kuweka jina lake kwenye barua?