Biolojia B, hesabu F, na anapenda mifugo: aende CBG au chuo?

mama_wa_kibosho

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada kuhusu kijana wa miaka 17 hapa Moshi. Matokeo yake ya kidato cha nne: biolojia B, jiografia B, Kiswahili B, kemia C, Kiingereza C, historia C, uraia C, fizikia D, hesabu F. Divisheni II ya pointi 18. Anachokifanya bila kutumwa ni ng'ombe: kukamua, kukata majani, kumsubiri bwana mifugo akija kuchanja. Baba yake anataka awe daktari, mjomba anasema PCB (fizikia, kemia, biolojia), shuleni wamesema CBG (kemia, biolojia, jiografia), na jirani anasema aende chuo moja kwa moja. Nipeni vigezo. "Afuate moyo wake" nimeshaambiwa.

---

taaluma_kaskazini

Mama, tuanze na ya baba yake. Udaktari wa binadamu (MD) unadai fizikia, kemia na biolojia za kidato cha sita, kila moja isipungue D, jumla pointi 6. CBG haina fizikia. Hata akipata A tatu za CBG, MD haipo. Wazazi wengi hulijua hili Julai, matokeo yameshatoka.

PCB sasa. Kwa D ya fizikia na F ya hesabu, huko ni kumtwika mtoto gunia asiloweza kulinyanyua. Fizikia ya kidato cha tano ni hesabu tangu wiki ya kwanza, na aliyeingia bila msingi huanza kukariri majibu ya mitihani iliyopita, kisha anaanguka na kemia pia kwa sababu muda wote umeliwa na fizikia.

CBG inamkaa. Kwa hesabu ya kidato cha nne (A ni 1, B 2, C 3), B ya biolojia, C ya kemia na B ya jiografia ni pointi 7, na masomo matatu ya kombi (mchanganyiko wa masomo) hayatakiwi kuzidi 10. Ila jueni chuo kikuu kinavyohesabu baadaye: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. S ni nusu pointi na si prinsipo (ufaulu kamili, A hadi E). Shahada nyingi zinataka prinsipo mbili zenye jumla ya 4, na hizo 4 zitoke kwenye masomo yaliyotajwa na kozi yenyewe. Chukua mtoto mwenye jiografia C, kemia D, biolojia E. Nyumbani mnajumlisha 6, mnachinja kuku. Kozi ikisema biolojia na kemia, ana 3. Yuko nje.

TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) hutoa vitabu viwili vya mwongozo kila mwaka, kimoja cha waliotoka kidato cha sita na kingine cha wenye stashahada. Pakua vyote, vya mwaka uliopita vinatosha kwa kuanzia. Kaa naye, tafuteni kozi tano anazozitaka, someni safu ya sifa neno kwa neno. "Na" na "au" ndizo zinazowaponza watu. Chini ya masomo ya kidato cha sita mara nyingi kuna mstari mdogo wa masharti ya kidato cha nne, na huo ndio watu huusahau.

Kama kombi aliyojaza kwenye selform (fomu ya kuchagua masomo na vyuo) si hii, TAMISEMI hufungua mfumo wa kubadilisha baada ya matokeo, kwa muda maalumu. Msingoje siku ya mwisho. Na tangu 2024 kombi zimeongezeka kutoka 16 hadi 65. Asichague mpya kwa sababu jina lake ni zuri kabla hamjaona kozi zinazoitaja kwenye kitabu.

---

ndama_wa_tengeru

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila "anapenda wanyama" ni kazi tatu tofauti na mnazichanganya.

Mifugo: LITA (Wakala wa Mafunzo ya Mifugo) wana kampasi Tengeru. Anaingia na vyeti vyake vya kidato cha nne (ufaulu wa masomo manne, ya dini hayahesabiwi), anaanza ngazi ya mafunzo ya NTA 4, kisha 5, kisha 6. Miaka mitatu, anatoka na stashahada.

Wanyamapori: Mweka, hapo hapo juu ya Moshi, chuo cha usimamizi wa wanyamapori cha tangu 1963. Huko ni ikolojia, sheria, ramani, kambi porini, watalii na vijiji vinavyopakana na hifadhi. Kumgusa mnyama ni nadra. Kijana anayependa kukamua anaweza kuchoka Mweka ndani ya muhula mmoja.

Udaktari wa mifugo: SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, miaka mitano. Biolojia na kemia ndizo nguzo. Somo la tatu na masharti ya kidato cha nne yasomeni kitabuni kama alivyosema taaluma. Hapa ndipo baba na mtoto wanaweza kukutana, maana naye ataitwa daktari.

Piga hesabu ya miaka: CBG miwili na SUA mitano ni saba. Stashahada mitatu na SUA mitano ni minane, lakini huyu wa pili kufikia mwaka wa tatu ana kazi mkononi hata ada ikikwama. Sharti la kupanda kwenda SUA ni atoke chuoni na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0. Wengi hufungiwa hapo, maana alama za mwaka wa kwanza walizichukulia mchezo.

Kabla ya kuamua, mpeni siku tatu na afisa mifugo wa kata, na si siku ya chanjo, hiyo ni rahisi. Siku ya uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mrija bila dume. Mrija wa mbegu unatoka kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa nusu dakika hivi, unafutwa ukauke kabisa kwa sababu maji huua mbegu, kisha mkono mmoja unaingia kwa ng'ombe hadi kiwiko kutafuta shingo ya kizazi. Aliyeonyesha joto asubuhi hupandishwa jioni, kwa hiyo hakuna "nitakuja kesho". Akirudi nyumbani ananuka na anauliza kwa nini shingo ya kizazi iko pale, mmepata jibu. Akirudi kimya, mpeni Mweka nafasi ya kufikiriwa.

---

mama_wa_kibosho

Asanteni sana. Na hiyo F ya hesabu tuiache tu?

---

taaluma_kaskazini

Usiiache, mama. Aliyesoma stashahada ya utabibu akitaka MD huombwa angalau D ya hesabu ya kidato cha nne, pamoja na fizikia, kemia, biolojia na Kiingereza. Na F inamfuata kwenye kozi nyingi ambazo leo hata hazifikirii.

D inaanzia alama 30 kati ya 100, kwa hiyo hahitaji kuijua hesabu yote. Arisiti (arudie mtihani) kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja tu, mtihani ni Novemba. Ashike mada zenye hatua zinazojirudia: takwimu, seti, matriki, hesabu za biashara, uwiano. Aandike kila hatua, kwani alama hutolewa kwa njia hata jibu likikosewa. Kinachowaangusha wanaorisiti ni kusoma peke yao bila wa kusahihisha, kosa lile lile linarudi Novemba. Baadaye akiomba chuo ajaze namba zote mbili za mtihani, ya shule na ya kujitegemea.

---

njiro_kwa_mrefu

Niongeze la karatasi. Chuo chochote binafsi mtakachokiona, angalieni kwenye orodha ya NACTVET (baraza linalosajili vyuo vya kati na vya ufundi) siyo jina la chuo tu, bali kozi yenyewe na ngazi yake. Chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi unayouziwa isiwemo. Ada mliyoambiwa kwa simu si gharama yote: ombeni fomu ya kujiunga, mkasome bima, mafunzo kwa vitendo, ovaroli, gambuti, hosteli.

Na leo hii wekeni cheti cha kuzaliwa na cha mtihani pamoja mezani. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na tangu 2023/24 mikopo inagusa pia baadhi ya kozi za stashahada. Kama kimoja kimeandikwa Emanuel na kingine Emmanuel, rekebisheni sasa mkiwa na muda.