Dogo yuko darasa la pili Finland, hajawahi kujua ni wa ngapi. Nimlete bweni Bongo?

Baba Kelvin: Wakuu salaam. Naishi Tampere. Kijana ana miaka 8, kaanza shule na 7 kama walivyo wote huku. Ripoti haina namba. Kila kipindi wanatolewa nje robo saa kucheza, theluji ikiwepo wanacheza nayo. Dogo anamwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, eti hiyo ndiyo kawaida! Binamu zake Mbeya wameshika tebo hadi ya 12 na tuisheni juu. Nataka nimlete bweni afundwe. Waliopitia, naombeni uzoefu.

Mtoto wa Makambako: Nimesoma bweni Iringa. Maharage na wadudu wake, ukiwa wa mwisho unachapwa paredi nzima inakuangalia. Leo nina duka la spea. Mlete.

bi_mdogo: Ndiyo maana chenji zako hazitimiagi 😂

Mwl_Chaki: Mimi darasani nina watoto 90, daftari nasahihisha hadi usiku. Hizo namba ni za kuchujia, la nne mtihani wa taifa, la saba mwingine. Wenzetu mtihani wa taifa ni mwisho wa sekondari ya juu, wampange namba ili iweje? Halafu mama yake anasemaje? Mbona hatajwi?

Baba Kelvin: Mama ni mwenyeji wa huku, tuko vizuri tu. Nauliza shule, mwalimu.

Mwl_Chaki: Nami nauliza mama.

Baba Kelvin: Anajua tunakuja likizo. Tiketi ya dogo ni ya kuja tu, ada ya muhula nishalipa. Msinihukumu! Hawa hata kofi la nyumbani walilipiga marufuku 1983, nitamweleza nini akaelewa? Mtoto ni wangu pia.

Mama Ibada: Baba, utamlaza mtoto kwa uongo? Mwogope Mungu.

Mtoto wa Makambako: Mimi pia niliambiwa naenda kumsalimia babu. Nikaja kutoka la saba.

kachero_mstaafu: Kumficha mtoto mama yake ni jinai huko, ila tusihangaike, hii ni chai. Bweni la chekechea hadi la nne serikali ilipiga marufuku 2023. Ada ya la pili kapokea nani?

Baba Kelvin: Kuna wenye kibali maalumu. Usiropoke kama hujui.

kachero_mstaafu: Sawa. Na ule uzi wako wa kuuza kiwanja Kigamboni, uliposema hujawahi hata kupanda ndege?

Baba Kelvin: Akaunti natumia na mdogo wangu.

bi_mdogo: Mdogo wako naye yuko la pili? 😂😂

Mwl_Chaki: Kama mtoto yupo kweli, mpigie mama yake leo.

Mtoto wa Makambako: Kiwanja bado kipo? Kina hati?