Mwanga uliokatiza mbele ya kirikuu yangu, barabara ya Mang'ola kwenda Karatu: ni kitu gani?

Mchuuzi wa Vitunguu

Wakuu, salaam. Nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Karatu, barabara ile naijua mchana na usiku. Wiki iliyopita nilikuwa napanda na kirikuu, mzigo umejaa, utingo kasinzia. Saa tano ilikuwa imeshapita. Mwezi hakuna, mvua hakuna, anga safi.

Kushoto, upande wa Ziwa Eyasi, nikaona mwanga wa rangi ya chungwa. Nikajua ni wachungaji wa Kidatoga wamekoka moto. Mara ukainuka, ukaja mpaka barabarani, ukakatiza mbele yangu kwenda kulia. Kama si hatua mia, basi pungufu. Juu usawa wa nguzo ya umeme. Umbo la yai, upana wake haupungui bodi ya Fuso. Sauti hakuna kabisa.

Taa za gari zikafifia, injini ikazima. Sikuizima mimi, mguu ulikuwa kwenye mafuta. Utingo akaamka akauliza, "Bosi, kumekucha?" Ndani palikuwa peupe hata vumbi la dashibodi nililiona. Kile kitu kikashuka nyuma ya migunga, kikapotea. Nikapiga stata mara moja tu, gari ikawaka.

Satelaiti za Starlink zinazopita kwa msururu nimeshaziona; zile ni nukta ndogo, juu kabisa. Hiki kilikuwa chini. Sisemi ni viumbe. Nauliza: kuna kitu, cha asili au cha binadamu, kinachoweza kuzima injini kikipita karibu? Na kuna mwingine aliyekiona? Tafadhali msinitanie, kijana wangu mpaka leo hataki safari za usiku.

Bi Mwanahamisi

Pole sana mwanangu. Kandokando ya maziwa na chini ya mibuyu usiku si pa kupita bila dua, wazee wetu hawakusema bure. Na huyo kijana usimlazimishe. Hofu hukaa mwilini. Mwache asafiri mchana kwanza, na akilala umuulize ameota nini.

Fundi Waya

Kaka, kirikuu ni ya petroli. Umeme ukikatika kwenye koili hakuna cheche, na bila cheche injini inazima hapo hapo. Dizeli ya zamani yenye pampu isiyotegemea umeme ingeendelea kuunguruma hata taa zote zikizima. Kwa hiyo nataka kujua: taa zilififia kwanza ndipo injini ikazima, au vyote kwa pamoja? Tereminali ya betri ikilegea, ukipiga shimo inakata vyote ghafla, ikigusana tena gari inawaka kwa stata moja. Ila kwa kawaida hukata, haififishi taa taratibu. Kagua pia waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi. Ukiota kutu hufanya mambo ya ajabu.

Mtazama Anga

Mkuu, simulizi yako inafanana mno na ya Levelland, mji mdogo wa Texas, Marekani. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1957, Pedro Saucedo alikuwa na mwenzake kwenye lori, nje ya mji, upande wa magharibi. Kitu chenye mwanga mkali kikawajia, taa na injini vikafa, akajitupa chini. Kilipoondoka, lori likawaka. Alipopiga simu polisi, askari wa zamu alidhani anaongea na mlevi. Kisha simu zikaanza kuingia kutoka barabara nyingine za mashambani, madereva tofauti, habari ile ile. Sherifu Weir Clem alitoka kutafuta, naye akauona mwanga kwa mbali. (Usiku huo huo, saa chache kabla, Warusi walikuwa wamerusha satelaiti ya Sputnik 2 na mbwa Laika ndani yake.)

Jeshi la Anga la Marekani lilisema ni radi ya duara, yaani mpira wa mwanga unaosemekana kutokea wakati wa dhoruba. Mwanaastronomia Allen Hynek, mshauri wao, alikubali, lakini baadaye akajutia: hakukuwa na dhoruba ya radi ya kutosha kueleza yale. Na radi ya duara kwa kawaida ni ndogo, haifikii Fuso.

Kuna pia bonde la Hessdalen, Norway, ambako mianga ya namna hiyo imeonekana miaka mingi, na tangu 1998 kuna kituo cha kamera kinachoikodolea macho. Maelezo yanayokubaliwa na wote bado hayajapatikana.

Sasa swali langu. Usiku macho hayawezi kupima ukubwa kama hujui umbali. Zuhura au Mshtarii ikiwa chini karibu na upeo, dereva huona inamfuata, kumbe iko mbali mno. Je, kile kitu kilipita MBELE ya kitu chochote unachokijua mahali kilipo? Na vivuli vilisogea?

Mchuuzi wa Vitunguu

Bi Mwanahamisi, asante mama, nimemwachia apumzike.

Fundi, taa zilianza. Zilififia taratibu, ndipo injini ikakohoa na kuzima. Barabara pale ni sawa, sikupiga shimo. Tereminali zimebana. Waya wa hasi sijaukagua, kesho naufungua.

Mtazama Anga, umegusa penyewe. Kulia kuna mbuyu mkubwa, na kile kitu kilipita kati yangu na ule mbuyu. Shina lilipotea lote, kisha likatokea tena. Vivuli vya vichaka vilizunguka ardhini kadiri kilivyokuwa kinasogea. Nyota haifanyi hivyo, hilo halinitoki hata nikikaa na nani.

Kabla ya hapo nilipishana na Fuso ya mchanga ikishuka Mang'ola. Dereva wake kama yumo humu, au mnamfahamu: taa zako zilififia? Kama gari yako ni dizeli, injini iliendelea? Niandikieni faragha, nitafuata mtu hata Matala.