Mdogo wangu kakatwa kidole tumbo, majibu ya nyama yanasema kuna uvimbe

Dada_Mkubwa: Wakuu habari zenu, naombeni msaada tangu juzi sina usingizi. Mdogo wangu ana miaka 24, tumbo lilimuanza kwenye kitovu likahamia chini kulia, akatapika, homa ikapanda, tukakimbia naye hospitali na usiku uleule akapasuliwa kidole tumbo. Mshono umekauka, anatembea vizuri, kumbe kile kipande kilipelekwa maabara na jana tumepewa majibu, eti kwenye ncha kuna uvimbe wa niuroendokrini wa milimita 8. Ni kansa hiyo? Mbona dalili zote zilikuwa za kidole tumbo?

Nesi_wa_Usiku: Pole sana dada. Kidole tumbo kiliumwa kweli, daktari hakukosea. Huu uvimbe wa niuroendokrini, yaani unaoanzia kwenye seli zinazotoa homoni, mara nyingi unakaa kimya pale kwenye ncha na unakutwa kwa bahati tu nyama ikipimwa. Ndiyo, ni jamii ya kansa, lakini unakua taratibu, na ukiwa chini ya sentimita 1 na umetoka wote basi ule upasuaji ndiyo tiba yenyewe. Ukizidi sentimita 2 ndo kawaida wanarudi kukata na utumbo mpana wa kulia, hapo katikati wanaangalia kama uko kwenye shina, pale kidole tumbo kinaposhikana na utumbo, au umeingia kwenye mafuta ya pembeni. Kaulize mambo matatu: kingo za kipande ni safi, yaani hazina uvimbe? Daraja la uvimbe, yaani kasi ya kukua kwake, ni la ngapi? Kidole tumbo kilipasuka?

Baba_Neema: Naongezea, vimbe za tumboni zinajificha sana jamani. Mama yangu alijaa tumbo kama ngoma, siku mbili hata ushuzi hatoi, anatapika kijani, hospitali ya kwanza wakampa dawa za vidonda vya tumbo tukarudi nyumbani. Ya pili wakampiga picha ya sitiskani, wakakuta utumbo umejiingiza ndani ya utumbo kama mkono wa sweta ukiukunja. Kwa mtoto hiyo hutokea mara nyingi bila chanzo kuonekana, ila mtu mzima lazima watafute kitu kinachouvuta, na kwa mama walikuta uvimbe wa GIST, aina ya kansa inayoota kwenye ukuta wa tumbo au utumbo, kwenye utumbo mdogo. Saa hizi anameza imatinibu, dawa ya kuzuia huo uvimbe, kila siku na anapika mwenyewe. Bila kupima ile nyama tusingejua dawa gani inamfaa.

Dada_Mkubwa: Asanteni mno. Nimetoka kwa daktari sasa hivi, kingo safi, daraja la 1, hakikupasuka, kasema hakuna kupasuliwa tena. Karatasi nimeipiga picha, yenyewe nimeiweka kwenye begi na cheti chake cha kuzaliwa.