Kuni za msitu wangu mwenyewe zimezuiwa njiani: mwenye msitu asiye mfanyabiashara aombe wapi hati ya kuzisafirisha?

Ndugu wanajamvi, salaam. Naandika uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza jambo kwa mpangilio ili anayezifahamu taratibu anijibu kwa hoja. Pole nimeshapewa za kutosha.

Nina kipande cha msitu wa miombo wilayani Uyui, mkoani Tabora, nilichorithi kwa marehemu baba yangu, na ambacho leo kina hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina langu, mihuri yote, na mipaka iliyopimwa majirani wakiwa wamesimama pale pale. Sehemu kubwa ni mitundu na miyombo, pamoja na mininga michache ambayo sijawahi kuruhusu shoka liiguse. Kuni ninazozilalamikia zilikatwa kiangazi cha mwaka jana. Kwangu hatufyeki. Vijana huanza na miti iliyokauka ikiwa imesimama na ile iliyoangushwa na upepo, kisha hupunguza pale ilipobanana, na wakikata mti mbichi hukata chini karibu na ardhi, kwa mshazari, ili maji yasituame juu ya kisiki. Anayeijua miombo anafahamu kwamba kisiki kilichokatwa vizuri huchipua chenyewe, na machipukizi yakipunguzwa yakabaki machache yenye nguvu, msitu hurudi bila mtu kupanda mche hata mmoja. Miti iliyotundikwa mizinga haiguswi, wala iliyo jirani nayo.

Baada ya hapo kuni hupasuliwa, hupangwa juu ya magogo ya kulalia ili zisigusane na udongo wenye mchwa, na huachwa zipigwe na jua na upepo hadi kiangazi kinachofuata. Kuni mbichi ni maji karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo anayezisafirisha mbichi anawatesa maksai bure, na akifika nyumbani anavuna moshi. Zangu zilikuwa kavu kiasi kwamba magome yalibanduka kwa vidole, ncha zote zilikuwa na nyufa, na ukigonganisha vipande viwili vinalia. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kosa la kwanza nililosomewa pale kwenye kizuizi cha barabarani cha ukaguzi wa mazao ya misitu lilikuwa kwamba nimetoka kukata kuni hizo wiki hiyo hiyo.

Tulizitoa msituni kwa mkokoteni wa maksai, kwa kuwa gari haliwezi kuvuka mbuga, yaani bonde la nyasi na tope, iliyopo kati ya msitu na barabara, kisha tukazipakia kwenye kirikuu nilichokodi ili zipelekwe nyumbani kwangu Tabora mjini na nyingine kwa mama yangu mzazi. Nilikuwa na nakala ya hati ya ardhi, barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri inayoeleza mimi ni nani, kuni zimetoka wapi na zinakwenda wapi, na stakabadhi ya kile nilichotakiwa kulipa kijijini. Tulisimamishwa asubuhi kwenye kizuizi kimoja cha kuingilia mjini, ambacho sitakitaja.

Kijana aliyetusimamisha alinisalimia vizuri, shikamoo mama, nikaitikia. Kisha akaniuliza mwenye shamba yuko wapi. Nikamjibu, "Ndiye mimi, mwanangu, jina langu hilo hapo kwenye hati." Akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba mwenye shamba wa kweli ameandikwa upande wa pili, kisha akasema ni vyema nimpigie simu baba wa nyumbani aje tuelewane. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Hilo nililimeza, nikaendelea.

Lililonishinda kumeza ni hili. Aliniomba hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Nikamweleza kwamba kabla ya kupakia chochote nilikwenda ofisi ya misitu kuiomba hati hiyo hiyo, nikaambiwa kwamba inatolewa kwa wafanyabiashara waliosajiliwa wa mazao ya misitu, na kwa kuwa mimi si mfanyabiashara, wala siuzi, barua ya kijiji inanitosha. Kijana akajibu kwamba barua ya kijiji haitambuliki barabarani. Nikamuuliza, sasa mtu asiyefanya biashara, mwenye msitu wake na kuni zake, anazifikishaje nyumbani kwake? Akasema nirudi ofisini nikasajiliwe kuwa mfanyabiashara. Yaani ili nipike maharage kwa kuni zangu mwenyewe, ni lazima kwanza nijiandikishe kuuza kuni nisizoziuza, nilipie usajili, ndipo nistahili kupewa karatasi ambayo ofisi ile ile ilisema siihitaji.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kusiwe na kizuizi. Bila ukaguzi wa barabarani misitu ya Tabora ingekuwa imekwisha, na ninafahamu kwamba wapo wanaoiba kwenye hifadhi kisha wanadai wametoa shambani kwao. Lakini Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, imegawa misitu katika mafungu manne: hifadhi za misitu za taifa, hifadhi za misitu za serikali za mitaa, misitu ya vijiji na misitu binafsi, na ndani ya fungu hilo la mwisho imetaja misitu iliyo kwenye ardhi ya kijiji inayomilikiwa na mtu mmoja au zaidi kwa hakimiliki ya kimila. Aliyeitunga sheria alijua kwamba watu kama mimi tupo. Tunapotea tukifika kwenye dirisha la ofisi na kwenye mti uliolazwa barabarani, ambako kuna watu wa aina mbili tu, mfanyabiashara na mwizi, na asiye wa kwanza anahesabiwa wa pili.

Mwenzake akaja na utepe kupima mzigo. Alipima bodi ya gari urefu, upana na kimo, akazidisha, akaandika mita za ujazo kana kwamba amekuta mbao zilizorandwa. Kuni hazipimwi hivyo. Hata zikiwa zimenyooka na kupangwa kwa uangalifu, kiasi cha theluthi moja ya rundo ni hewa, na matawi yaliyopinda kama yangu huacha nafasi kubwa zaidi. Kwa hesabu yake nilikuwa nadaiwa na hewa ya Uyui pia. Huyo huyo ndiye aliyeuliza kwa nini kuni hazina alama ya nyundo, ule muhuri wa kugonga wa wakaguzi wa misitu, ilhali nyundo ya misitu hugongwa kwenye magogo na mbao. Nani anaigonga kwenye kijiti kinene kama mkono wa mtoto?

Tulikaa pale tukisubiri "mkubwa" ambaye kila aliyepigiwa simu alisema yuko njiani. Wakati tunasubiri, malori yaliyosheheni magogo mabichi ya kukaushia tumbaku kwenye mabani yalipita, mengine hata turubai hayakufunikwa, utomvu unaonekana kwenye ncha. Huenda yalikuwa na hati zote. Nisilolielewa ni jinsi mfumo unavyoweza kuupitisha mti uliokatwa mbichi kutoka kwenye eneo lililofyekwa, ukauzuia mti uliojifia na kukauka, kisa wa kwanza una mfanyabiashara na wa pili una mwenyewe. Birika la chai la kizuizini, nitaje hilo pia kwa kuwa nililiona kwa macho yangu, lilichemshwa kwa vipande viwili vya myombo vilivyochomolewa kwenye gari langu bila mtu kuniomba.

Jua lilipozama ndipo yakaja mapya. Nikaambiwa kwamba mazao ya misitu hayaruhusiwi kusafirishwa kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, kwa hiyo hata wangetaka kuniachia wasingeweza, na kwamba nikionekana barabarani usiku ule litakuwa kosa la pili. Nilisimamishwa na wao asubuhi, nikazuiwa na wao mchana kutwa, kisha giza likahesabiwa kuwa ni langu. Nikapewa fomu ya kufifilisha kosa: nikiri, nilipe, niondoke. Nilikataa kusaini, na nitaendelea kukataa, kwa sababu kufifilisha ni kwanza kukubali kwamba umetenda kosa, na saini hiyo ingekaa kwenye jalada ikinisubiri mara nyingine nitakapopita pale. Kuni zikashushwa kando ya kizuizi. Nilipoomba karatasi inayoonyesha wamechukua nini na kiasi gani, nikaambiwa niache namba ya simu. Mwenye kirikuu, ambaye ana watoto wa kulisha, alidai malipo ya siku nzima, na alikuwa na haki.

Najua watakaokuja kuniambia ninunue mtungi wa gesi. Ninao. Chai na mboga napikia gesi. Ninaufahamu pia Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034, na ninauunga mkono. Ila makande na maharage ya nyumba yenye watu wengi kwa gesi ni gharama ambayo mama yangu haiwezi, na miti iliyokufa msituni kwangu italiwa na mchwa au kuungua na moto wa kiangazi, nisipoichukua mimi.

Ninachoomba ni mambo ya kujibika. Kama upo waraka au kanuni inayoeleza mwenye msitu binafsi anavyosafirisha kuni za matumizi ya nyumbani, mwenye nayo aiweke hapa, pamoja na namba yake na mwaka wake, ili niichapishe na kuibandika kwenye kioo cha gari. Kama haipo, mhusika yeyote anayesoma atamke hivyo kwa maandishi, tujue kwamba hati zetu za kimila zinaishia kwenye mpaka wa shamba. Na wenzangu wa Urambo, Kaliua, Sikonge, na ninyi wa Kasulu na Kibondo kule Kigoma mlio na misitu yenu, semeni mnapitaje: mnapewa karatasi gani, na nani, na mnailipia kiasi gani. Kuni zangu bado ziko pale kizuizini, zimepungua kila ninapokwenda kuziangalia, na mvua zimekaribia.